Mashine ya Kupoza Betri

Mtaa mzima ulimwita Bi Buluu, na jina hilo halikutoka mbali. Buluu ni ule unga ambao dobi huutia kidogo tu kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe iwe nyeupe ya kweli, na yeye alikuwa ameushika kwa miaka mingi hata kucha zake zikasahau rangi yake ya kuzaliwa. Ukimpa mkono ukaziona, umeshajua umemsalimia nani. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya pale kona, makoti ya zahanati, na vitambaa vya meza vya yeyote mwenye shughuli. Nguo za rangi hakuzigusa. Ukimletea shati la maua alikuambia, "Mwanangu, hilo hata ukilifua mwenyewe litakusikia," akakurudishia huku anacheka.

Ufundi huo aliachiwa na mama mkwe wake, pamoja na ua, bomba la maji, mabeseni, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na sharti moja lisilo na mjadala: nguo chafu haitoki uani. Ikibaki na doa inarudi majini, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni amevimba kwa hasira. Doa likishatoka ndipo aliposhona pembeni uzi mdogo wa buluu, alama ya mkono wake, ili nguo hiyo popote itakapotandikwa ijulikane imetoka kwa nani. Mumewe alipofariki, uzi ule ndio uliomlisha yeye na mwanawe. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, wala hakukihitaji.

Pamoja na ua aliachiwa wifi. Dada wa mumewe alikaa chumba cha pili cha ua huohuo, naye alikuwa mamalishe, jiko lake la mkaa likiwa nje ya lango, kwenye kichochoro, na benchi la wateja kando yake. Watu huzoea kusema mawifi hawapikiki chungu kimoja, lakini hawa wawili walikuwa wamepikika. Utani wao ulikuwa burudani ya kichochoro kizima. Mmoja akilalamika kwamba chai ya leo ni ya moto mno, mwingine alimjibu aipulize kwa lile domo lake, itapoa mara moja. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kutoka kwenye jiko lile kilikuwa cha Bi Buluu, na aproni ya wifi ilirudi kwake nyeupe kana kwamba haijawahi kuonana na sufuria. Hawakulipana kwa hayo, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba walipane.

Sasa nifike kwenye kituo, na mnivumilie, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Nyuma ya ua ule palikuwa na uwanja wa malori mabovu. Wakaja watu wenye kofia ngumu, wakaufagia, wakajenga banda refu lililoezekwa kwa paneli za jua, wakapaka kila kitu rangi ya kijani, wakatundika bango: HAPA GARI LAKO LINAKUNYWA JUA. Kilikuwa kituo cha kuchaji magari ya umeme. Siku ya kukifungua, meneja alishika kipaza sauti akaeleza habari za nishati jadidifu, maneno yaliyotupinda ulimi karibu sote, lakini tulimwelewa. Umeme utatoka juani. Magari hayatatoa moshi. Watoto watavuta hewa safi. Bi Buluu alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, naye alikuwa na sababu kuliko wote waliokuwepo. Kwa mtu anayeanika nguo nyeupe, moshi wa magari ni adui wa maisha, na sasa alikuwa anaambiwa adui anahama.

Na ukweli usemwe, mwanzoni alihama. Mwanawe, aliyekuwa akiendesha teksi kuukuu iliyokohoa kuliko mgonjwa, aliachana nayo akapewa gari la umeme la kampuni, lililochajiwa palepale kituoni. Siku ya kwanza alimpakia mama yake. Gari lilipoondoka bila sauti, Bi Buluu alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Baba, mbona kama limekata roho?"

Mwanawe alicheka mpaka ikabidi asimame kando ya barabara. "Ndivyo lilivyo, mama. Limeshiba jua."

Msimu ule mashuka yalitoka kambani meupe kuliko alivyowahi kuyaona. Kila aliyekuja kuchukua nguo alisomewa sifa za kituo, kana kwamba Bi Buluu alikuwa na hisa humo.

Kisha magari yakaongezeka, paneli zikabaki zilezile. Betri kubwa za kuhifadhi jua la mchana ili litumike jioni na siku za mawingu, ambazo meneja alikuwa ameziahidi kwa kinywa chake kwenye kipaza sauti, hazikuletwa. Badala yake kilijengwa kibanda cha bati, kimeegemea ukuta wa nyuma, yaani ukuta wa Bi Buluu. Kikapakwa kijani kama ndugu zake, na mlangoni kikachorwa jani kubwa. Ndani yake kitu kikaanza kuunguruma. Bomba lilitokeza juu ya paa lake likageuzwa mdomo upande wa ua, si upande wa wateja. Meneja alipita nyumba kwa nyumba, tabasamu limefika masikioni.

"Msiwe na wasiwasi, majirani. Ile ni mashine ya kupoza betri. Mnachokiona bombani ni mvuke tu."

Mapipa yaliyokuwa yakishushwa kwenye pikapu tuliambiwa ni maji ya betri. Halafu wakafunga spika, wakawa wanapiga muziki kutwa, eti kuwaburudisha wateja, na ngurumo ikazama humo humo.

Tuliamini. Mnaweza kutucheka, lakini nani kati yetu alikuwa amewahi kuona matumbo ya kituo cha kuchaji? Hata simu ikichajiwa sana hupata moto, kwa hiyo mashine ya kupoza iliingia akilini bila kubisha hodi. Tulifikia hatua ya kuwaeleza wageni wetu kwa majivuno jinsi inavyofanya kazi, na kila mmoja aliongeza chumvi yake. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na tukajisugua wenyewe yaingie vizuri.

Ndipo vidoa vikaanza. Vilikuwa vidogo, vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa, na ukikigusa kimoja kilijikokota kikawa mstari. Bi Buluu aliyarudisha mashuka majini, akayaanika, akayakuta na vidoa vingine. Alibadilisha sabuni. Alibadilisha kamba. Kwa hofu alizidisha buluu mpaka mwenye nyumba ya wageni akaja na shuka mkononi.

"Bi Buluu, wageni wangu wananiuliza kama wamelala kitandani au angani."

Alisema kwa utani, lakini shuka lenyewe alilishika kwa ncha za vidole. Zahanati hawakutania. Walimtuma mtu kuchukua makoti yao, na hawakuyarudisha tena. Bi Buluu alisimama langoni akimwangalia yule mtu akiondoka na furushi. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kuitwa chake ila ule weupe, na ulikuwa unamponyoka mikononi huku amekodoa macho.

Akainua kichwa kutafuta moshi, na moshi aliouona ulikuwa wa jiko la wifi yake. Bomba la kibandani nalo lilitoa kitu cha kijivu, lakini hicho kilikuwa mvuke, tulishaambiwa.

Alimwendea mchana, benchi limejaa.

"Wifi, zima hilo jiko."

Wifi alidhani ni utani wa kila siku. "Nizime, halafu hawa niwalishe nini? Mapovu yako?"

Benchi lote likacheka. Bi Buluu hakucheka.

"Nasema lizime! Moshi wako unaniua mimi. Dunia nzima imeachana na moshi, hata magari yameacha, umebaki wewe peke yako na mkaa wako. Huoni aibu? Mchafu we!"

Vijiko vilisimama hewani. Wifi aliuweka mwiko chini. Aproni aliyokuwa ameivaa ilikuwa nyeupe, na aliyeifua ni huyohuyo aliyesimama mbele yake.

"Basi, wifi," alisema polepole. "Basi. Nimekusikia."

Hakungoja kesho. Alihamishia jiko lake ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo, kando ya mtaro unaonuka ambao hakuna mwenye akili timamu angependa kula karibu yake. Wateja walimfuata kwa heshima siku za mwanzo, kisha mmoja mmoja wakampa kisogo. Kikombe cha kwanza cha chai hakikuja tena. Aproni haikuja tena. Walikaa ua mmoja, mlango kwa mlango, na kila mmoja alichungulia kwanza kabla ya kutoka, asije akakutana na mwenzake.

Na vidoa, je? Viliendelea kuanguka kana kwamba hakuna aliyehama.

Ikafika siku ngurumo ikanyamaza. Kitu kilikuwa kimeharibika kibandani, na magari yakajipanga chini ya paneli kungoja zamu ya jua huku madereva wakifoka. Bi Buluu hakuijali foleni yao. Alikuwa amesimama katikati ya kamba zake, mikono kiunoni, hajui acheke au alie. Mashuka yalikuwa meupe pe. Aliyageuza upande huu na upande ule, akayanusa, akayainua kwenye mwanga. Ng'ambo ya barabara jiko la wifi lilikuwa likifuka kama kawaida.

Baadaye akaja fundi, mtu mnene, mcheshi, mwenye ovaroli, akashinda kibandani. Alipomaliza alizunguka mpaka langoni kuomba maji ya kunawa. Bi Buluu alimfungulia bomba na kumpa kipande cha sabuni. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mikono ile yalikuwa meusi yenye utelezi, na harufu yake ikajaa uani.

"Pole na kazi, fundi. Mashine ya kupoza betri imepona?"

"Ya kupoza nini?"

"Betri."

Fundi alimtazama kwanza, aone kama anataniwa. Kisha akacheka mpaka ovaroli ikatikisika. "Nani kakudanganya hivyo, mama? Jenereta lile. La dizeli, tena zee, linakunywa mafuta kuliko lori. Bila lenyewe nusu ya magari hayo yangelala hapo." Alijipangusa mikono kwenye mapaja. "Linakunywa jua! Watu wana maneno."

Alishukuru kwa maji akaenda zake. Bi Buluu alibaki amekishika kile kipande cha sabuni, kimejaa weusi pande zote, na punde si punde ngurumo ikaanza tena nyuma ya ukuta.

Hapa mniache niseme. Mkaa una madhara yake, hilo halina ubishi, na wifi mwenyewe alikuwa amekohoa nao miaka nenda miaka rudi. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Mwenye mapipa ya dizeli amevaa shati la kijani na anaitwa rafiki wa mazingira. Mwenye jiko dogo la mkaa kando ya lango anaitwa mchafu, tena na wifi yake wa ua mmoja, kwa maneno yaleyale yaliyotoka kwenye kipaza sauti cha mwenye dizeli. Moshi walioahidi kuuondoa barabarani waliukusanya wakaumwaga kwenye ua wa mjane, kisha wakachora jani mlangoni. Kama hilo si ufedhuli, sijui ufedhuli unafananaje.

Mwanawe alipopita mchana kunywa maji, alimkuta mama yake amekaa juu ya beseni lililofudikizwa.

"Ulijua?" alimuuliza.

Kijana alijikuna shingo. Hakuuliza ajue nini. "Harufu niliisikia, mama. Madereva wote tumeisikia. Tunajifanya ni maji ya betri."

"Na mimi nikamtukana shangazi yako mbele za watu!"

"Gari lenyewe ni safi, mama. Halina kosa lolote."

"Nani kaligusa gari lako? Nimesema gari?" Alisimama. "Walete zile betri walizoahidi! Waongeze paneli! Jua limejaa tele juu ya vichwa vyao, nani kawanyima?"

"Ukiwachokoza wataninyang'anya funguo. Halafu tutakula nini?"

Aliiacha glasi ikiwa na maji nusu akaondoka. Gari lake halikutoa sauti wala moshi, na safari hii Bi Buluu aliliangalia mpaka likapotea.

Kisha akavuka barabara. Wifi alikuwa ameinama juu ya sufuria, inzi wa mtaroni wakimzunguka.

"Wifi, nimekuja."

"Naona."

Bi Buluu akamweleza yote: ngurumo, fundi, sabuni. "Moshi haukuwa wako," alimaliza. "Nisamehe, wifi yangu."

Wifi aliendelea kukoroga. "Ulinitukana wapi?"

"Langoni."

"Mbele ya nani?"

Bi Buluu aliinamisha uso.

"Mbele za watu," wifi alijijibu mwenyewe, na sasa mwiko ulisimama. "Wakasikia naitwa mchafu na wifi yangu, ninayechota naye maji bomba moja. Leo unakuja kuninong'onezea hapa mtaroni, ndio tuwe tumemaliza? Msamaha wa chini kwa chini sitaki. Ulinivua nguo hadharani, nivishe hadharani. Kama huwezi, niache nipike."

Bi Buluu alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kama mfupa kooni, maana wifi alikuwa na haki.

Haikuchukua muda meneja akaja mwenyewe langoni na furushi la vitambaa vya meza. Kuna mheshimiwa anakuja, alisema, kukipa kituo tuzo ya usafi wa mazingira. Magari mapya yatachajiwa mbele yake. "Nataka ule weupe wako unaosifika, Bi Buluu. Mgeni aone jinsi tunavyoinua biashara za majirani." Alisema hivyo huku amesimama chini ya moshi wa bomba lake mwenyewe.

Mkono ulimwasha Bi Buluu alinyakue furushi amrushie usoni. Badala yake aliangalia kamba zake, kisha akalipokea.

Alivifua vitambaa vile kama anavyofua sanda. Alivichemsha, akavisuuza, akavitia buluu kipimo kilekile alichofundishwa na mama mkwe wake, akaviinua juani vikiwa vimelowa na havina hata chembe ya doa. Ndipo akavianika kwenye kamba iliyo karibu kabisa na kibanda. Vilipokauka vilikuwa na vidoa pembe hadi pembe. Miguu yake ilimpeleka yenyewe mpaka kwenye beseni. Alisimama pale ameshikilia vitambaa, na sauti ya marehemu mkwewe ikimwambia nguo chafu haitoki uani. Akivitoa hivi hadharani, na watu wasimwelewe, nani tena atamletea kitu cheupe? Nyumba ya wageni ilikuwa imebaki mguu ndani mguu nje. Alikaa chini, akatunga uzi kwenye sindano, akashona alama yake kwenye kila kitambaa kimoja kimoja. Safari hii alishona mshono mkubwa, wa kuonekana.

Siku ya shughuli jua lilikataa kutoka. Mawingu yalifunika mtaa tangu alfajiri, lakini magari mapya yalikuwa yamechomekwa nyaya na taa zao zikimetameta, yanashiba sawasawa. Muziki ulikuwa juu kuliko siku zote. Na asubuhi ile mlinzi alikuwa ametumwa ng'ambo kumwamuru wifi azime jiko, lisije likaharibu picha. Wifi alilimwagia maji akabaki amesimama kando yake kama mfiwa.

Bi Buluu alitandika vitambaa mwenyewe wakati meneja yuko barabarani kumpokea mgeni. Watu wa mtaani walikuwa wamejaa ukingoni, na waliokuwa wakila kwenye benchi lile walikuwemo. Mheshimiwa alikaa, akaweka kiwiko mezani, akakiinua. Akajaribu kukipangusa kidoa kwenye kitambaa kwa kidole, kikawa mstari.

"Hivi vimefuliwa kweli?"

Meneja aliangalia meza moja, akaangalia ya pili, rangi ikamtoka usoni. Lakini mtu wa kipaza sauti hakosi neno. "Tuwie radhi sana, mheshimiwa. Ni mazingira ya hapa jirani. Tunajitahidi kuwaelimisha, lakini bado wapo wanaopikia mkaa." Akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara.

Vichwa vyote viligeuka kumtazama wifi. Ilikuwa siku ileile ya benchi imerudi, na safari hii waliomtazama walikuwa wengi zaidi.

"Jiko lile limezimwa tangu asubuhi!" Bi Buluu alipaza sauti. "Na aliyelizima ni wewe!"

Midomo yake ilionekana ikicheza, lakini maneno yalimezwa na spika. Meneja alimpa mlinzi ishara ya kidole: ongeza. Mlinzi alikuwa anainama kuongeza pale muziki ulipokatika wenyewe. Waya wa spika ulikuwa mkononi mwa dereva mmoja. Alikuwa mwanawe Bi Buluu, wala hakumtazama meneja.

"Sema sasa, mama."

Katika ukimya ule kila mtu aliisikia. Ilitoka nyuma ya lile jani la kijani, nzito, ya kukwaruza, ikitetemesha glasi za mezani.

"Ni nini kinachounguruma?" mheshimiwa aliuliza.

"Ni mashine ya kupoza betri," meneja alisema, na mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa ameisimulia mashine ile kwa kila mteja wake, akaguna kwa nguvu.

Bi Buluu alikamata kitambaa cha meza kuu kwa pembe, glasi zikaanguka, akauinua ule uzi. "Hii ni alama yangu. Mimi nimevifua, na vimekauka kwenye kamba yangu, chini ya bomba la jenereta la dizeli lililofichwa mule. Fungueni mlango muone maji ya betri! Maisha yangu yote sijatoa nguo chafu uani kwangu. Hizi ndizo za kwanza, na uchafu wake ni wa kwenu, nimewarudishia." Kisha akawageukia watu wa ukingoni. "Na ninyi mliokuwa kwenye benchi. Mlinisikia namwita wifi yangu mchafu. Nilimsingizia. Mchafu hakuwa yeye, na mimi niliyesema ndiye wa kuona aibu."

Mheshimiwa alisimama, akasema suala hilo litaangaliwa, akarudi garini kwake na tuzo yake. Litaangaliwa! Kama vile hapakuwa na mtu mwenye macho pale. Meneja alinyoosha kiganja, na kijana wa Bi Buluu akakiwekea funguo za gari. Jenereta halikuzimwa. Magari mapya yalikuwa bado hayajajaa.

Bi Buluu hakungoja kuona zaidi. Alivuka barabara akiwa na gauni lake la shughuli, nyeupe kama kawaida yake, akainama mbele ya jiko la wifi, akalikumbatia.

"Wacha, wifi," wifi alisema. "Lina masizi hilo. Utachafuka."

"Acha nichafuke."

Alilibeba kifuani, mbele ya kamera na viti vya wageni, masizi yakampaka tangu shingoni mpaka viwikoni, na zile kucha za buluu hazikuonekana tena. Wifi alimfuata nyuma na sufuria zake, na watu wa benchi wakabeba benchi. Pale langoni alama za miguu ya jiko zilikuwa bado chini. Alilitua juu yake, akakaa kando, wala hakunawa mpaka moto ulipowaka na kikombe cha kwanza kikamfikia mkononi.